Zima, Washa, Ndipo Ulipe: Mipangilio ya Mtandao Isiyopotea Kompyuta Inapozimwa



Somo hili linahusu hasara ndogo inayojirudia. Fundi anaitwa, anakaa mbele ya kompyuta kwa nusu saa, mtandao unapatikana, analipwa, anaondoka. Usiku umeme unakatika. Asubuhi kompyuta inawaka vizuri, kila kitu kipo mahali pake, lakini mtandao haupo. Fundi anaitwa tena na kulipwa tena kwa kazi ileile. Watumiaji wengi hudhani kwamba mashine imezeeka, au kwamba mtoa huduma wa intaneti amewaibia kifurushi. Mara nyingi si hivyo wala vile. Kazi ya fundi haikuwahi kukamilika, ila haikuwepo njia ya kulitambua hilo siku ileile, kwa kuwa hakuna aliyeizima kompyuta na kuiwasha tena kabla ya fedha kutolewa.

Tuchukue steshenari ya mfano kijijini Kigombe, wilayani Muheza, kwenye barabara itokayo Tanga kwenda Pangani. Mwenye duka ni mama mwenye kompyuta tatu kuukuu, printa moja, na modemu ya intaneti inayotumia laini ya simu. Wateja wake ni wavuvi wanaochapisha barua na taarifa za kikundi chao, wakulima wa mwani, wazazi wanaohakiki vyeti vya kuzaliwa RITA, na vijana waliomaliza kidato cha sita wanaoomba mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Maombi ya namna hiyo hufanyika mtandaoni, na yana siku ya mwisho. Kijana anayefika dukani siku hiyo na kukuta mtandao umekatika atalazimika kupanda gari hadi Tanga mjini, na huko akakute foleni.

Modemu imechomekwa kwenye kompyuta moja, ambayo tutaiita kompyuta kuu. Zile nyingine mbili zimeunganishwa nayo kwa waya kupitia swichi ndogo, nazo hupata intaneti kupitia kwake. Zote tatu zinatumia mfumo wa Linux, ambao ni wa ukoo wa Unix. Si ajabu kuukuta mfumo huo kwenye mashine kuukuu: hauhitaji leseni ya kununua, na huenda vizuri kwenye kompyuta ambayo mifumo mingine huilemea. Tena si mgeni nchini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi katika lugha ya Kiswahili, kutokana na mradi wa programu huria uliokuwa ukiitwa Kilinux. Hata simu za Android zilizomo mifukoni mwetu zina kiini cha Linux ndani yake.

Fundi wa duka hili alitoka Tanga. Aliandika amri tatu, kompyuta zote tatu zikafungua kurasa, akalipwa. Siku tatu baadaye umeme ulikatika. Uliporudi, mama alimpigia simu.

"Mama, hicho kitakuwa kifurushi kimekwisha."

"Mwanangu, nimenunua juzi tu."

"Basi ongeza kidogo ujaribu."

Akaongeza. Haikusaidia kitu, na fedha ya kifurushi ikawa imekwenda juu ya fedha ya ufundi. Tukisema, kwa hesabu ya mfano, kwamba ufundi ni shilingi 20,000 na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 6,000, basi umeme ukikatika mara nne katika mwezi mama huyu atakuwa ametoa shilingi 104,000 kwa kosa moja, bila kuhesabu vifurushi na wateja waliogeuza njia.

Kwa nini mipangilio hupotea

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni kumbukumbu ya muda, ambayo hufanya kazi kwa kasi kubwa lakini husafishika yote mara umeme unapotoka. Pa pili ni diski, ambayo huhifadhi mafaili hata mashine ikikaa kabatini mwaka mzima. Kwenye mnada wa samaki ufukweni, dalali hubeba bei zote kichwani wakati wa kunadi, na hapati tabu. Lakini ikiwa karani hakuandika katika daftari, kesho yake hakuna awezaye kusema kwa hakika nani anadaiwa nini. Amri ya mtandao inayoandikwa kwenye dirisha la amri ni kauli ya dalali. Inatekelezwa papo hapo, na inakaa kichwani tu.

Hivyo ndivyo mifumo ya ukoo wa Unix ilivyoundwa. Unix yenyewe ilianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na amri ya ifconfig, ambayo mafundi wengi wa umri wa kati walijifunzia kazi, ilitokea katika toleo la Unix la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Tangu wakati huo kazi ziligawanywa: amri hubadilisha hali ya sasa ya mashine, na mafaili ya mipangilio husomwa mashine inapowaka ili kuijenga hali hiyo upya. Anayetoa amri bila kuandika faili amefanya nusu ya kwanza.

Hatupendi kulaumu mpango huo, kwa sababu una faida kubwa. Fundi anayejaribu anwani mpya akakosea na kuufunga mtandao wote anaweza kuizima mashine na kuiwasha, na kosa lake likafutika. Kwa hiyo kutumia amri za muda kwa majaribio ni jambo jema, na fundi mzuri huanza hivyo. Ubaya huingia anapoishia hapo, au anapoishia hapo kwa makusudi akijua ataitwa tena.

Amri tatu na makazi yake matatu

Hizi ndizo amri alizoandika fundi katika mfano wetu. Kadi ya waya ya kompyuta kuu mfumo umeipa jina enp2s0, na modemu umeipa jina usb0. Majina ya kwako yatakuwa mengine. Utayaona ukiandika ip address.

sudo ip address add 192.168.10.1/24 dev enp2s0
sudo sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
sudo iptables -t nat -A POSTROUTING -o usb0 -j MASQUERADE

Amri ya kwanza inaipa kadi ya waya anwani, ili zile kompyuta mbili ziweze kuiona kompyuta kuu. Ya pili inairuhusu kompyuta kuu kupitisha mawasiliano ya wengine, kwa kuwa kwa kawaida hushughulika na ya kwake tu. Ya tatu inaifanya iombe kurasa kwa niaba ya zile mbili, ikitumia anwani iliyopewa na modemu. Zote ni sahihi. Na zote tatu hufutika umeme unapokatika.

Tukijua hivyo, tunaweza kusoma dalili. Baada ya kuwasha, ikiwa kompyuta kuu inafungua kurasa na zile mbili hazifungui, kifurushi ni kizima na modemu ni nzima. Usinunue kifurushi kingine. Ikiwa zile mbili zinaweza kuchapa kwenye printa iliyounganishwa na kompyuta kuu lakini hazipati intaneti, anwani imehifadhiwa, ila amri ya pili au ya tatu imepotea. Ikiwa hata printa haionekani, anza na anwani. Ni pale tu ambapo kompyuta kuu yenyewe haifungui ukurasa wowote ndipo kuna sababu ya kutazama salio la kifurushi, na hata hapo ni busara kuitoa laini na kuijaribu kwenye simu kabla ya kutoa fedha.

Sasa tuipe kila amri makazi yake kwenye diski. Anwani ndiyo inayowasumbua wengi, kwa kuwa faili lake hutofautiana baina ya mfumo na mfumo. Katika Ubuntu ya seva, tangu toleo la 17.10 la mwaka 2017, mipangilio hukaa katika mafaili yaliyo ndani ya saraka ya /etc/netplan. Faili la mfano wetu lingekuwa hivi:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp2s0:
      addresses:
        - 192.168.10.1/24

Nafasi zilizo mwanzoni mwa mistari si mapambo. Mfumo huzisoma ili kujua kipi kiko chini ya kipi, na lazima ziwe nafasi za kawaida, si za kitufe cha Tab. Nafasi moja ikizidi, faili zima hukataliwa. Ukishaandika, usikimbilie kulitumia. Andika kwanza sudo netplan try. Amri hii huyatumia mabadiliko kwa muda wa sekunde 120 na kusubiri uthibitishe kwa kubonyeza Enter. Usipobonyeza, kwa mfano kwa sababu umejifungia nje, hurudisha hali ya zamani yenyewe. Kwa fundi anayeihudumia mashine ya Kigombe akiwa Tanga kupitia mtandao, amri hiyo inaokoa safari.

Katika Debian ambayo haina dirisha la mipangilio, faili la desturi ni /etc/network/interfaces, na mistari yake ni michache:

auto enp2s0
iface enp2s0 inet static
    address 192.168.10.1/24

Mtazame mstari wa kwanza. Neno auto ndilo linaloiambia mashine iiwashe kadi hiyo inapoamka. Lisipokuwepo, faili litakuwa sahihi, fundi ataiwasha kadi kwa mkono mbele yako na itafanya kazi, kisha asubuhi itakuwa imelala. Tunalitaja kwa mkazo kwa sababu kosa hili hudanganya hata anayejua kwamba mipangilio lazima iandikwe kwenye faili.

Makazi ya amri ya pili ni faili dogo ndani ya /etc/sysctl.d, tuseme /etc/sysctl.d/99-duka.conf, lenye mstari mmoja tu: net.ipv4.ip_forward=1. Vitabu vya zamani huelekeza kuandika katika /etc/sysctl.conf, lakini baadhi ya matoleo mapya hayalisomi tena faili hilo wakati wa kuwaka. Saraka ya sysctl.d inafaa kwa mapya na ya zamani.

Amri ya tatu, katika Debian na Ubuntu, huhifadhiwa kwa msaada wa kifurushi cha programu kinachoitwa iptables-persistent. Kukisakinisha kunahitaji intaneti, kwa hiyo kifanyike wakati mtandao upo. Kisha:

sudo netfilter-persistent save

Amri hii huyachukua yaliyomo kichwani kwa wakati ule na kuyaandika katika /etc/iptables/rules.v4. Tunasema yaliyomo, yawe mazuri au mabaya. Ikiwa fundi alijaribu mara tano na kuacha mabaki ya majaribio, mabaki hayo nayo yatadumu. Atazame kwanza kwa sudo iptables -t nat -S, aondoe yasiyotakiwa, ndipo ahifadhi.

Msomaji anaweza kuuliza kama duka dogo linahitaji yote haya. Kwa maoni yetu, mara nyingi halihitaji. Kompyuta yenye Linux ya dirisha, yaani ile unayotumia kipanya kufungua mipangilio, kwa kawaida husimamiwa na programu ya NetworkManager. Humo, katika ukurasa wa IPv4 wa muunganisho wa waya, kuna chaguo la kushiriki na kompyuta nyingine. Ukilichagua na kuhifadhi, programu inafanya kazi za amri zote tatu, na tena inazigawia anwani zile kompyuta mbili bila wewe kuziandika. Mpangilio ni mmoja, umeandikwa mahali pamoja, na hurudi wenyewe. Anayependa amri ataandika hivi, akiweka jina la muunganisho wake:

sudo nmcli connection modify "Waya wa duka" ipv4.method shared

Hapa pana mtego wa neno moja. Amri ya nmcli connection modify huandika kwenye diski na hudumu. Amri ya nmcli device modify, inayofanana nayo sana, hubadilisha hali ya sasa tu na haiandiki popote. Mtumiaji aliyesimama nyuma ya fundi hahitaji kujua zaidi ya hilo: akiona device badala ya connection, aulize.

Kwa mifumo mingine ya ukoo huu tutapita haraka. FreeBSD huweka karibu kila kitu katika /etc/rc.conf. Kompyuta za Apple hudumisha mabadiliko yaliyofanywa kwenye dirisha la mipangilio, lakini yaliyofanywa kwa ifconfig hupotea kama kwingineko.

Yanayoonekana kudumu na hayadumu

Faili la /etc/resolv.conf ndilo linalotaja seva za kutafsiri majina, yaani zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya tarakimu. Mafundi hupenda kuliandika kwa mkono. Tatizo ni kwamba katika mifumo mingi ya sasa faili hilo huandikwa upya na programu nyingine kila mashine inapowaka au inapopata muunganisho mpya, na maandishi ya fundi hufutwa ingawa yalikuwa kwenye diski kweli. Seva hizo zitajwe ndani ya netplan au ndani ya NetworkManager, ambako ndiko faili hilo linakotoka. Dalili yake ni ya peke yake: ping 1.1.1.1 inajibiwa, lakini hakuna tovuti inayofunguka kwa jina.

Mipangilio pia inaweza kugombaniwa na wasimamizi wawili. Mashine iliyoandikiwa anwani katika /etc/network/interfaces na nyingine katika NetworkManager inaweza kuwaka na hii leo na ile kesho. Fundi achague msimamizi mmoja na kuyafuta ya mwingine. Seva zilizosakinishwa kwa picha ya mawingu zina mgeni wa tatu, cloud-init, ambayo huweza kuandika upya faili lake ndani ya /etc/netplan. Ukiona faili lenye jina 50-cloud-init.yaml, soma maelezo yaliyo juu yake kabla ya kubadilisha chochote.

Wi-Fi nayo ina jambo lake. Muunganisho uliohifadhiwa kwa ajili ya mtumiaji mmoja tu hauwaki mpaka mtumiaji huyo aingie kwa nenosiri lake. Kwa kompyuta kuu ya duka hiyo ni kasoro, kwani kijana wa zamu ya asubuhi akiingia kwa jina jingine hapati kitu. Muunganisho uruhusiwe kwa watumiaji wote.

Kisha kuna betri. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama sarafu inayoilinda saa mashine inapokosa umeme. Katika mashine kuukuu, betri hii huwa imekufa zamani. Umeme ukikatika, saa hurudi nyuma miaka kadhaa, na tovuti za benki na za serikali hukataa kufunguka kwa kuwa hati zao za usalama zinaonekana hazijaanza kutumika. Mtumiaji huona "hakuna mtandao". Tazama tarehe iliyo pembeni mwa kioo kabla ya kumwita mtu. Upepo wa chumvi wa pwani nao hula vichwa vya waya na milango ya modemu, na hakuna faili la kuutibu huo.

Jaribio la mbele ya mwenye duka

Tunapendekeza kila mtumiaji, awe na ujuzi au asiwe nao, asimamie jaribio hili kabla ya kulipa. Halihitaji kuelewa hata amri moja kati ya zilizotajwa hapo juu.

Mwambie fundi azime kompyuta kwa njia ya kawaida, si kwa kuchomoa waya, maana kuchomoa huweza kuharibu diski. Ikishazimika kabisa, zima swichi ya ukutani, na uchomoe modemu pia. Subiri dakika mbili. Washa kila kitu kwa mpangilio ambao wewe mwenyewe huwasha asubuhi, hata kama fundi anasema mpangilio mwingine ni bora, kwa kuwa huo wako ndio utakaotumika kesho. Usiruhusu mkono wa fundi uguse kibodi. Ingia kwa jina lako. Fungua ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo, kwani kurasa za awali zinaweza kuonyeshwa kutoka hifadhi ya kivinjari bila mtandao kuwepo. Nenda kwenye kila kompyuta nyingine ufanye hivyohivyo, kisha chapa karatasi moja. Yote yakienda, rudia kuzima na kuwasha mara ya pili. Mara mbili si wasiwasi wa bure: programu mbili zinapogombania kadi moja, moja hutangulia leo na nyingine kesho, na jaribio la mara moja hulipita kosa hilo bila kuliona.

Fundi mwenye kazi nzuri hachukizwi na jaribio hili. Anayesema "mama, usiizime tena, itaharibika mipangilio" amekwambia mwenyewe kwamba hakuihifadhi.

Kinachopaswa kubaki mkononi mwako

Kabla fundi hajapanda gari, akuandikie kwenye karatasi mafaili aliyoyabadilisha, pamoja na njia zake kamili, na yaliyomo ndani yake sasa. Mabadiliko ya aina tuliyoyaeleza hayazidi ukurasa mmoja. Akuachie pia nakala ya mafaili ya zamani. Nenosiri la mtumiaji mkuu wa kompyuta ni lako. Fundi anaweza kulitumia mbele yako, lakini si haki alijue yeye peke yake na wewe ubaki mgeni kwenye mashine uliyoinunua. Risiti itaje kazi iliyofanyika kwa maneno yanayoeleweka. "Ufundi wa kompyuta" haitoshi. "Kuweka mtandao wa kompyuta tatu, mipangilio kudumu baada ya kuzima na kuwasha" inatosha, na maneno hayo yakishaandikwa ndiyo yaliyokuwa makubaliano.

Karatasi hiyo ikae kwenye daftari la duka, si kwenye barua pepe, kwa sababu siku utakayoihitaji huenda mtandao usiwepo.

Mambo yakiharibika, tofautisha kwanza unamlalamikia nani. Fundi aliyepanga kompyuta zako ametoa huduma, na Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inamlinda mlaji dhidi ya huduma isiyotolewa kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Msimamizi wa sheria hiyo ni Tume ya Ushindani. Mpe fundi nafasi ya kurekebisha bila malipo kabla ya kwenda mbali, na mara nyingi risiti yenye maneno yaliyo wazi humaliza jambo hapohapo dukani. Kampuni iliyokuuzia laini na kifurushi ni jambo jingine. Ikiwa kompyuta kuu yenyewe haipati mtandao, na laini ikiwekwa kwenye simu nayo haipati, lalamika kwa kampuni hiyo kwanza na udai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Usiporidhika na jibu, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 2003. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyounda Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo unaweza kuliomba ushauri.

Katika hali zote mbili, daftari litakusaidia kuliko maelezo ya mdomo. Andika tarehe na saa umeme ulipokatika na uliporudi, kompyuta ipi ilikosa mtandao na ipi iliupata, na kiasi ulicholipa kila mara. Mama wa mfano wetu angekuwa na mistari minne ya namna hiyo, mtu yeyote angeona kwa kuitazama tu kwamba kompyuta kuu ilipata mtandao mara zote nne, kwamba kila safari zile mbili ndizo zilizokosa, na kwamba fedha ya vifurushi ilitumika bure.